Cha Bure Nacho Kina Jasho la Mtu

Tawi letu lina kompyuta moja. Si mpya. Tuliinunua kwa ada zetu wenyewe baada ya wengine kuitumia, na imekaa juu ya meza ya mbao katika ofisi yetu hapa Kasese, imefunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Ndani yake mna daftari la wanachama, hesabu ya ada, saa za ziada za vibarua, na majina ya wenzetu walioumia kazini pamoja na tarehe walizoumia. Mwaka jana, siku tatu kabla ya kikao na mwajiri mmoja, kompyuta hiyo ilikataa kutuonyesha hata jina moja.

Tunayaeleza haya kwa sababu kuna swali linalozunguka katika tawi, kuanzia Kasese mpaka Bwera. Wenzetu wanauliza: kwa nini kamati inataka kutenga fedha za kumlipa na kuwafundisha watu wa kutunza programu ambayo yenyewe ni ya bure? Swali hili ni halali. Fedha ni za wanachama, na mwanachama asiyeuliza habari za fedha zake atakuja kulia baadaye. Basi jibu letu ni hili.

SIKU DAFTARI LILIPOPOTEA

Kompyuta yetu hutumia Linux, mfumo wa programu huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma ulivyoandikwa, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Hatukuulipia hata senti. Lakini mkaguzi wa hesabu alitutaka tutumie programu moja inayokubali mfumo wa kulipia tu. Tukampelekea kompyuta fundi mmoja mjini auongeze mfumo huo kando ya wetu, yote miwili ikae katika mashine moja.

Ilipoturudia, ilifunguka vizuri sana, lakini katika mfumo mpya peke yake. Daftari letu halikuonekana. Tukarudi kwa fundi. Akatuambia, "Hizo zimefutika, wazee wangu. Nunueni diski nyingine muanze upya."

Tuanze upya! Kazi ya miaka minne, na kikao kiko mlangoni. Tulikaa ofisini jioni hiyo kama watu waliofiwa. Ndipo mama mweka hazina wetu alipomkumbuka kijana mmoja wa Bwera, mtoto wa mchuma kahawa, ambaye hutengeneza simu na kompyuta karibu na barabara iendayo Mpondwe. Tukampigia simu. Asubuhi ya pili akashuka katika teksi, begi moja mgongoni, na ndani ya begi flashi ndogo isiyozidi kidole gumba.

Hakufungua mashine kwa bisibisi. Alichomeka flashi, akawasha Linux iliyokuwa ndani ya flashi hiyo, akaandika neno moja, na mistari michache ikatokea kwenye kioo. Akauliza, "Wazee, nani aliyeishika mara ya mwisho orodha ya kuwashia?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kompyuta ina orodha ya namna hiyo.

Akatuonyesha. Katika orodha mfumo mpya umeandikwa wa kwanza, na wetu haumo kabisa. Kisha akaitazama diski, na humo daftari letu limelala salama, halikupotea jina hata moja. Kilichopotea ni mstari mmoja tu, ule unaoiambia kompyuta kwamba mfumo wetu upo na uitwe kwanza. Akauandika tena mstari huo, akauweka juu, akazima na kuwasha. Daftari likafunguka. Dakika ishirini hazikutimia.

Tulikwenda kikaoni na karatasi zetu. Upande wa pili walisema hakuna ushahidi wa saa za ziada katika miezi fulani. Tukaweka kurasa mezani, jina kwa jina, siku kwa siku. Hatukupata yote tuliyoyadai, lakini wenzetu walilipwa sehemu kubwa ya jasho lao. Mstari ule mmoja usingeandikwa, tungekwenda mikono mitupu.

ORODHA HIYO NI NINI

Sisi tulioishia darasa la saba tulimwomba kijana atueleze polepole, naye akatueleza. Tunawapasheni kama tulivyoelewa.

Kompyuta inapowashwa haijui kitu. Haijui jina lako, haijui daftari, haijui hata kwamba ina diski. Kitu cha kwanza kuamka ni programu ndogo iliyowekwa kiwandani ndani ya bodi ya mashine. Mfikirie askari wa lango saa kumi na mbili asubuhi, ameshika orodha ya zamu: huyu aingie kwanza, asipokuwapo aingie yule. Katika kompyuta nyingi za Linux anayeitwa na askari huyo ni programu ya kuwashia iitwayo GRUB. GRUB ni kama nyapara. Akishaingia, ndiye anayekwenda kuuamsha mfumo wenyewe na kuupa kazi.

Sasa ile orodha ya askari huandikwa na kusahihishwa kwa chombo gani? Katika Linux chombo chenyewe ni programu ndogo iitwayo efibootmgr. Haina picha wala rangi. Huonyesha kila mfumo kwa namba ya tarakimu nne, na huonyesha namba ipi iko mbele ya ipi. Kwa chombo hicho unaweza kuongeza jina, kufuta jina, au kupanga zamu upya. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Lakini kila kibarua anajua uzito wa orodha ya langoni. Umedamka usiku, umetembea kutoka mlimani, una nguvu na una jembe lako. Ukifika, jina halimo. Kwa siku hiyo wewe hupo, hata kama umesimama mbele ya macho yao. Ndivyo daftari letu lilivyokuwa. Lilikuwapo, lakini halikuitwa.

NANI ANAITUNZA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Programu hizi hazikuota kama magugu.

Harakati za programu huria zilitangazwa mwaka 1983 na Richard Stallman wa Marekani, katika mradi alioupa jina GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuandika GRUB, na mwaka 1999 wengine wakaipokea ikawa mali ya mradi wa GNU. efibootmgr iliandikwa na Matt Domsch alipokuwa mfanyakazi wa kampuni ya Dell, miaka ya 2000 ilipoanza. Baadaye ikatunzwa na Peter Jones wa kampuni ya Red Hat. Yaani wakati wote huo palikuwapo mtu, na akiondoka akampokeza mwenzake.

Kutunza si kutengeneza kitu kipya cha kushangiliwa. Kila mwaka viwanda vinatoa bodi mpya za kompyuta, na kila bodi ina tabia yake. Moja inakataa kuandikwa katika orodha. Nyingine inakubali, kisha inasahau ikizimwa. Mtunzaji anaandikiwa na mtu wa mbali asiyemjua: "Kwangu haifanyi kazi." Naye hana bodi ya namna hiyo mezani pake. Lazima aulize, ajaribu, asahihishe, tena ahakikishe kwamba kwa kumponya mmoja hakuwaumiza elfu. Maana hapa ukikosea, mtu hapotezi barua moja tu. Kompyuta nzima inageuka kuwa jiwe. Mwezi Desemba 2017 toleo la Ubuntu 17.10 iliondolewa mahali watu walipokuwa wakiichukua, kwa sababu katika kompyuta ndogo za aina fulani iliharibu ile programu ya kiwandani iliyomo ndani ya bodi.

Mikono nayo ni michache. GRUB toleo la 2.00 lilitoka Juni 2012, na toleo kamili lililofuata, 2.02, lilitoka Aprili 2017. Ni karibu miaka mitano. Dunia nzima ilikuwa ikiwashia mashine zake kwa chombo hicho, kuanzia mabenki hadi vyuo vikuu, lakini waliokishika walikuwa wachache.

Julai 2020 lilitangazwa tundu katika jinsi GRUB inavyosoma karatasi yake ya maagizo. Mwenye nia mbaya aliyekwisha kupata madaraka ndani ya mashine angeweza kupenyeza maagizo yake kabla mfumo haujaamka. Wakalipa tundu hilo jina BootHole. Watunzaji wa mifumo mbalimbali pamoja na makampuni makubwa walilazimika kufanya kazi kwa pamoja kuliziba. Na marekebisho yalipotoka, siku za kwanza baadhi ya mashine za Red Hat na CentOS zilishindwa kuwaka. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzaji, ndugu zangu. Akikaa kimya analaumiwa, akirekebisha analaumiwa, na siku mambo yakienda vizuri hakuna anayejua kwamba yupo.

SISI WA KASESE TUNAIJUA KAZI HII

Nani asiyeijua hapa kwetu? Shaba ya Kilembe ilianza kutoka mwaka 1956, na mwaka huohuo reli ikafika Kasese. Wazee wetu walishuka chini ya mlima. Machimbo yaliposimama miaka ya 1980 ilipoanza, wengi walirudi nyumbani, lakini wachache walibaki kuendesha pampu za kutoa maji. Hawakutoa tani hata moja ya shaba. Aliyetazama hesabu za mapato hakuona chochote chini ya majina yao. Lakini bila wao machimbo yangejaa maji, na maneno yote ya kufufua Kilembe yangekuwa maneno ya kufufua ziwa.

Tazameni pia Mubuku, kwenye mradi wa umwagiliaji. Mazao yanaonekana, mifereji inaonekana. Anayeondoa tope na kufungua lango la maji alfajiri haonekani, mpaka siku maji yasipofika kwenye shamba la mtu. Katika viwanda vyetu ni hivyohivyo. Mwajiri akitaka kupunguza gharama huanza na watu wa matengenezo, wale wa grisi, wa mikanda na wa bolti. Husema, "Hawa hawazalishi." Miezi sita baadaye mashine inasimama, au inakata mkono wa mwenzetu, na hapo lawama humwangukia aliyekuwa zamu.

Tukikubali kwamba mtunza programu si mfanyakazi kwa sababu programu ni ya bure, tutakuwa tumekubali hoja ya mwajiri yuleyule tunayempinga mezani. Programu kuwa ya bure ni haki ya mtumiaji. Haina maana kwamba haikumtoa mtu jasho.

Tuseme ukweli wote. Si kila mtunzaji anafanya kazi bila malipo. Hao wa efibootmgr walikuwa waajiriwa wa makampuni, na katika GRUB pia wapo wanaolipwa na makampuni. Makampuni hayo hayatoi sadaka. Yanaitumia programu katika biashara yao, nayo yameona faida ya kuitunza kwa pamoja. Lakini ziko programu nyingine nyingi ndogo, zinazobeba mzigo uleule, ambazo zimeachwa mikononi mwa mtu mmoja anayezishughulikia usiku baada ya kazi yake.

HATARI YA MTU MMOJA

Mwaka 2024 dunia ilipata fundisho. Ipo programu iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo, nayo imo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2022 watu walimshinikiza aharakishe kazi, naye akajibu kwamba hali ya akili yake haikuwa nzuri na kwamba kazi hiyo alikuwa akijitolea. Kukawa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akisaidia kidogo kidogo kwa adabu na subira. Mwishowe akaaminiwa akapewa funguo. Kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika mashine kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde tu. Akafuatilia, akaligundua jambo hilo kabla halijaenea.

Wengi walisema fundisho ni kuwa macho na wezi. Sisi wa chama cha wafanyakazi tunaona fundisho jingine. Mwizi aliingia kwa mlango wa uchovu. Mtu mmoja aliachiwa mzigo wa wengi, akachoka, akampokea wa kwanza aliyenyoosha mkono. Angekuwa na wenzake wawili anaowafahamu, na posho ya kumtosha, yule mgeni angepata shida sana.

Sasa tujitazame. Tawi letu lina kijana mmoja wa Bwera. Je, akivuka Mpondwe kwenda Kongo kufanya biashara? Akipata kazi Kampala? Akiugua? Tutarudi kwa yule fundi wa kuambiwa tuanze upya. Tena mara ya kwanza tulimpa nauli, tukampa chai na ugali, tukamwambia ahsante. Sisi tunaodai malipo ya saa za ziada tulimtumia kijana huyu siku nzima kwa sahani ya chakula! Aibu hiyo ni yetu, na tunaikiri hapa mbele ya wanachama.

KUNA WANAOPINGA

Wenzetu wengine wanasema: tuachane na programu huria, tununue mfumo wa kulipia, tupumzike. Tunaheshimu mawazo yao. Ni kweli kwamba ukinunua unaweza kupata mtu wa kumpigia simu, na mkaguzi wetu bado anauhitaji mfumo huo. Lakini kulipa hakuondoi kazi ya kutunza. Kilichotupeleka shimoni ni mfumo wa kulipia ulioingia na kukaa kiti cha mbele, na aliyeuingiza hakujua kuturudishia chetu.

Tena kuna habari ya funguo. Tangu mwaka 2012 kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ulinzi unaokataa kuwasha programu isiyokuwa na sahihi inayotambulika, na sahihi inayotambulika karibu kila mahali ni ya Microsoft. Ili Linux iweze kuwaka katika mashine hizo, watunzaji waliandika programu nyingine ndogo iitwayo shim, inayopata sahihi hiyo na kumfungulia GRUB mlango. Ulinzi wenyewe una maana, maana wezi wapo. Lakini anayeshika ufunguo ndiye anayeamua. Agosti 2024 marekebisho ya Microsoft yalifanya kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, na suluhisho la Microsoft yenyewe lilikuja Mei 2025. Vyeti vya ulinzi huo vilivyotolewa mwaka 2011 navyo vinaanza kufikia mwisho wa muda wake mwaka 2026. Hivyo anayesema tutengeneze mara moja tumalize, hajaielewa kazi hii. Ni kama mfereji. Hausafishwi mara moja.

Lipo na jambo la faida. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watu wote bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi mengi yanaachana na kompyuta ambazo bado ni nzima, kwa kuwa tu zimeshindwa kupokea mfumo mpya. Mashine hizo zinaweza kufanya kazi kwa Linux miaka mingi bado. Matawi ya mashambani ambayo hayajawahi kuwa na kompyuta yanaweza kuzipata kwa bei nafuu. Lakini kila mashine moja itakuwa na orodha yake ya kuwashia, na itahitaji mtu anayeijua.

Wengine wanasema: sisi hatukusoma, mambo haya ni ya watoto wa chuo. Hapana. Sisi hatukusoma sheria, lakini tumejifunza kusoma mkataba wa pamoja kifungu kwa kifungu mpaka mawakili wa waajiri wakatushangaa. Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, ni kweli, lakini hata hilo si ukuta wa mawe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kama programu nzima ya ofisi iliweza kuzungumza Kiswahili, basi kurasa mbili za maelezo ya orodha ya kuwashia haziwezi kutushinda.

TUNAYOPENDEKEZA

Tunawaomba wanachama wayajadili mambo haya katika mkutano ujao wa tawi, Kasese na Bwera kwa pamoja.

Kwanza, wachaguliwe watu watatu, mmoja wao awe mama na mmoja awe kibarua, wafundishwe na kijana wa Bwera jinsi ya kuisoma orodha ya kuwashia, kuisahihisha, na kuiwasha kompyuta kwa flashi. Wasifundishwe kwa maneno tu. Kila mmoja aiharibu orodha kwa makusudi katika mashine ya mazoezi, kisha airudishe kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, orodha ya kompyuta yetu iandikwe kwenye karatasi, kila namba na kila jina, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Ikibadilishwa, anayebadilisha aandike tarehe na jina lake. Mashine inaweza kusahau, lakini karatasi haisahau.

Tatu, nakala ya daftari itolewe kila mwezi na kuwekwa mahali pengine pa usalama, mbali na kompyuta hiyo. Tusijidanganye. Mara hii diski ilikuwa nzima. Siku diski itakapokufa, orodha nzuri namna gani haitatusaidia kitu. Na wenye kushika nakala hizo wakumbuke kwamba majina ya wagonjwa na walioumia ni siri ya wenyewe. Tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria inayolinda habari za watu.

Nne, kijana alipwe. Tukubaliane kiwango, kiandikwe, alipwe kwa siku anayoitwa na kwa siku anayofundisha. Chama kisichomlipa fundi wake hakina uso wa kumkabili mwajiri.

Tano, tukiona kasoro katika programu tusinung'unike pembeni. Tumwombe kijana awaandikie watunzaji kwa adabu: aina ya mashine, toleo la programu, tulichofanya, kilichotokea. Barua iliyoandikwa vizuri ni mchango kama ada. Watunzaji hawawezi kuziona mashine zilizopo Kasese. Sisi ndio macho yao huku.

Sita, katika mazungumzo yajayo na waajiri tudai watu wa matengenezo watambuliwe kuwa ni wazalishaji kama wengine, wala wasiwe wa kwanza kupunguzwa. Tukimheshimu mtunzaji wa kompyuta yetu wenyewe, tutalisema hilo kwa sauti isiyotetemeka.

Ndugu wafanyakazi, ada yenu ni jasho lenu, na ndiyo maana tumetumia kurasa hizi kueleza habari ya programu ndogo isiyojulikana. Wapo watu Marekani, Ulaya na kwingineko, wasiojua kwamba kuna mahali paitwapo Bwera, ambao kazi yao ilitusaidia kuwarudishia wachuma kahawa na vibarua malipo yao. Hawakutuuliza kabila, dini wala fedha. Ahsante tunayoweza kuwapa ni kuutunza upande wetu wa mfereji, na kumlipa yule anayeushika pamoja nasi.

Mkutano utakapoitwa, njooni wote. Atakayekuwa na neno tofauti alilete mezani, lijadiliwe. Kompyuta itakuwapo, imewashwa, na orodha itakuwa wazi mbele ya kila mmoja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.